Televizyo ya Jikoni

Siku mambo yote yaliharibika ninaijua kwa tarehe. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa tano, mwaka wa 1993, magaribi, jua likiwa bado juu ya paa za kambi ya Panda. Wengine watakuambia mambo yaliharibika mbele ya pale, siku posho ilipoanza kupunguzwa, ama siku askari walipopora maduka. Kila mtu na siku yake. Yangu ni hiyo Jumanne, kwa sababu ndiyo siku priza ya salon yangu, ile ya ukutani ya kuchomekea televizyo, iliungua.

Umeme ulikuwa umekwenda tangu asubuhi. Ukarudi na hasira zote. Tukasikia "paa!", priza ikatoa moshi, ukuta ukabaki mweusi kana kwamba mtu ameupaka masizi kwa mkono. Televizyo yenyewe haikufa. Ilikuwa ya rangi, ya Wajapani, na Wajapani hawana mchezo. Kilichokufa ni priza, na priza ilikuwa ya kampuni ya migodi iliyotuajiri, maana nyumba ilikuwa ya kampuni, na ukuta pia, na hata msumari wa kutundikia kofia yangu.

Zamani ingekuwa kazi ya nusu siku. Unakwenda biro ya kambi, karani anaandika jina lako kwenye kaye, daftari lake, fundi anakuja na ngazi, anakunywa chai ya mke wako, anaondoka. Mimi niliandikwa kesho yake. Karani akaniambia, "Papa Barthélemy, fundi iko, ngazi iko, priza njo hakuna." Nikarudi juma lililofuata. "Priza ilifika, lakini fundi alienda kulima." Nikarudi mwezi wa sita: fundi amerudi kutoka shambani, priza imo kwenye sanduku, ngazi haijulikani iliko.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, sijui mengi. Lakini najua kwamba nchi yenye watu wa kuiongoza haiwezi kukosa fundi, ngazi na priza kwa zamu namna ile. Hapo kuna mtu anapanga.

Aliyenitia matatani hasa ni Casimir, jirani yangu na rafiki yangu wa kazi, yule aliyepeleka mahari yangu kwa wazazi wa Germaine, mke wangu, mwaka wa 1965. Alikuwa anakuja kwangu kila siku kuangalia habari, kwa hiyo kifo cha priza kilimuuma kuliko mimi.

"Bartho," akasema, "mu jiko kuko priza?"

"Iko. Ya kupigia pasi."

"Bas! Tupeleke kule. Siku tatu tu, fundi atakuya."

Tukaibeba wawili, tukaiweka juu ya kabati la vyombo, kati ya ndoo ya unga na chupa ya mafuta. Siku tatu zikawa miezi.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sikulisema kwa mtu. Katika miaka ishirini na nane ya ndoa sikuwahi kukaa jikoni. Mwanaume wa kambi anakaa salon ama nje mbele ya mlango, na bukari, ugali wetu, inamfuata huko. Akiingia jikoni ni kutafuta kiberiti, na akitoka anakishika juu ili watu wakione. Lakini televizyo ilikuwa jikoni, na habari ni habari. Nikaanza kwa kusimama mlangoni. Siku ya nne nikaegemea. Siku ya sita Germaine, bila kuinua macho kutoka kwenye mbabula yake ya makaa, akanisukumia kwa mguu kile kiti kidogo cha kukalia wakati wa kusonga, akasema, "Ikala, utavunja mulango."

Nikakaa. Mtu akigonga, nilikuwa nasimama mbio na kushika kiberiti.

Germaine alikuwa amesoma miaka sita kwa masista. Kifaransa kilikuwa kinaingia kwake bila kubisha hodi. Kule salon, zamani, nilikuwa naangalia midomo ya wakubwa ikicheza, natikisa kichwa mbele ya wageni, sishiki neno. Jikoni ndipo nilipoanza kuisikia serikali.

"Huyu anasema nini?" nilikuwa namuuliza.

"Anasema yeye njo Premier ministre."

"Na yule wa jana?"

"Yule pia iko."

"Bawili?"

"Bawili. Kila mumoja iko na baministre yake."

"Na posho, nani kati yao anatoa?"

"Ile hawakuisema," akasema Germaine, anageuza bukari. "Wameingia mu mupira."

Akanikumbusha pia miaka ile ya nyuma, wakati habari zilikuwa zinaanza na kichwa cha mkubwa kikishuka kutoka kwenye mawingu. "Alishuka kila siku miaka yote ile," akasema, "juu ya nini hakufikaka chini?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mke wangu alikuwa na mizaha kuliko watu wote wa Panda, nami nilikuwa nimekosa miaka ishirini na nane ya mizaha yake, kwa sababu alikuwa anaisemea jikoni.

Mwezi wa nane akafa. Sitaki kueleza sana. Ni ugonjwa ambao zamani dawa yake ilikuwa inatolewa dirishani, unapanga mstari, unaondoka nayo. Safari hii dirishani tulikuta mtu, kaye na kalamu. Dawa hapana. Waliotufikisha hapo wanajulikana, wanavaa suti, na hawafi kwa magonjwa ya dirishani.

Binti zetu wawili, mmoja wa Kolwezi, mwingine wa Ndola, walikuja, wakalia, wakarudi kwa waume zao. Nyumba ikanyamaza. Upande wa kuume majirani wetu wa Kasai walikuwa wamefukuzwa mwaka uliopita, wakaenda gare kungoja gari la moshi, magodoro yao kichwani, mlango wao ulikuwa unagongagonga na upepo. Upande wa kushoto alibaki Casimir na kikohozi chake. Magaribi nilikuwa nawasha televizyo, nakaa kwenye kiti kile kidogo. Sikuwa nashika neno. Lakini wakubwa walipoanza kupayuka, mwili ulikuwa unajua ni saa ya bukari, na kwa nusu saa nyumba ilikuwa inafanana na nyumba yangu.

Mwezi wa kumi, siku ya Mungu, baada ya misa, wakwe wakaja kumaliza kilio.

Kwa watu wa mke wangu, mjane anabaki amefungwa na kifo mpaka wao wamfungue. Wanamkalisha kwenye mkeka, mjomba wa marehemu anampaka unga mweupe kwenye paji la uso na mikononi, anamwambia, "Tumekuachilia, tembea." Kisha wanagawa vitu. Vya jikoni ni vya mwanamke, vinarudi kwao. Vya salon ni vya mwanaume, vinabaki. Haidhuru nani alinunua: sufuria ikishaingia jikoni si yako tena. Ni sheria nyepesi, na haikuandikwa na wakubwa, ndiyo maana inafanya kazi.

Walikuja watu kumi na watano, lakini wenye kusema walikuwa watatu. Wa kwanza ni Symphorien, mjomba wa Germaine, aliyeendesha gari la moshi maisha yake yote, akabaki na tabia ya kuangalia mbele hata unapoongea naye kwa pembeni. Wa pili ni Zéphirin, kaka mkubwa wa Germaine, karani wa zamani, anakaa Kikula, amekuja na kravati na faili lenye kamba. Wa tatu ni Marcelline, mdogo wa Germaine, muuza samaki wakavu sokoni, ambaye mdomo wake haukupumzika hata siku alipobatizwa.

Upande wangu alikuwa Casimir peke yake. Siku kama hiyo mkwe hafungui kinywa mbele ya wakwe. Anayejibu ni msemaji wake, na msemaji ni yule aliyepeleka mahari.

Mambo yalianza vizuri. Symphorien akanipaka unga, akaniachilia. Wakataja sufuria, mbabula, kinu na mchi wake, ndoo, cherehani, vitenge. Casimir akawa anakubali kila kitu: "Ni yenu. Ni yenu." Ndipo Marcelline akaelekeza midomo yake jikoni.

"Na ile?"

"Ile gani?" akauliza Casimir, yeye aliyeiangalia kila siku ya Mungu miaka mitano.

"Ile mwenye iko na kioo. Iko mu jiko ao haiko mu jiko?"

"Iko mu jiko, shemeki, lakini iko mugeni."

"Mugeni wa miezi tano? Hata malaria inaongopaka kukala vile!"

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Zéphirin akasimama, akanyoosha mkono, akapiga kelele, "Motion d'ordre!"

Huyu Zéphirin alikuwa amefuata mkutano wote ule mkubwa wa taifa, kwa redio na kwa televizyo za watu, mwaka mzima na zaidi, hakukosa hata siku mke wake alipojifungua. Kutoka pale hakuweza tena kuomba chumvi bila kuomba kwanza neno. Akatuambia kwamba jambo zito kama hili halihukumiwi hivihivi. Lazima bureau, kamati ya kuongoza. Lazima président, rapporteur wa kuandika, na ordre du jour ya mambo ya kujadili. Symphorien, kwa kuwa ni mjomba, akawa président. Zéphirin akajipa cheo cha makamu na cha rapporteur, par acclamation, na makofi akayapiga mwenyewe.

"Neno iko kwa upande wa bwana," akasema.

Casimir akasimama. "Televizyo ilinunuliwa na Bartho. Karatasi ya duka iko na jina yake."

"Na sufuria," akauliza Symphorien polepole, "zilinunuliwa na nani?"

Casimir akakaa.

"Sheria ya serikali, Kode ya familia, iko wazi," akasema Zéphirin, anafungua kamba ya faili.

"Inasema nini?" Marcelline akamuuliza.

"Nimesema iko wazi."

"Uliisoma?"

"Ninajua mutu mwenye iko nayo." Akafunga kamba.

Mtu wa nyuma akasema basi twende tribunal, kortini. Symphorien akatikisa kichwa. "Juge hajapata mushahara tangu Pasaka. Ukimupelekea televizyo kuuliza ni ya nani, atakuambia ni ya juge."

Hapo wote wakakubaliana, na Zéphirin akaandika "consensus" kwenye karatasi yake, la kwanza na la mwisho siku ile. Kisha akaamua bureau ishuke kwenye terrain kuangalia kitu kwa macho. Terrain ilikuwa hatua sita. Tukaingia jikoni wote, wengine wakabaki dirishani. Nilikuwa nimeiacha inawaka. Kinshasa walikuwa wanagombana, basi tukakaa kuangalia, wanaoidai na anayedaiwa, magoti kwa magoti.

"Hawa wanatafuta nini?" akauliza Symphorien baada ya muda mrefu.

"Muyomba, wanatafuta nani njo ataongoza séance, mukutano," akasema Zéphirin.

"Sawa na sisi?"

"Hapana! Sisi tuko na sérieux."

Zéphirin akatufundisha kwamba kule Ulaya zinatengenezwa televizyo ambazo zitakuwa zinasikia mtu akiziambia zima, waka. Symphorien akauliza kama mtu wa ndani naye anakuona. "Bado," akasema Zéphirin. "Afazali," akasema mzee, akavuta shati lake chini. Mwingine akasema Lubumbashi kuna mkubwa mwenye simu isiyo na kamba, anatembea nayo mpaka chooni. "Na anamupigia nani mu choo?" akauliza Casimir. "Mukubwa mwenzake, mu choo ya kwake." Casimir akatazama ukuta. "Njo maana priza hakuna."

Tulikuwa karibu kusahau kilichotuleta. Marcelline peke yake hakuwa anaangalia picha. Alikuwa anaangalia namna televizyo ilivyogeuzwa.

"Mbona inaangalia mbabula?" akasema. "Haiangalii mulango. Inaangalia mbabula na hii kakiti." Akanigeukia. "Shemeki, weye ulikuwa unaikala wapi?"

Casimir akaruka kusimama mbele yangu.

"Musemaji njo anajibu! Bartho hakukuwa kuingia mu jiko. Mwanaume wa kambi! Alikuwa anaangalia kutoka mulangoni, amesimama, mikono mu mifuko, habari ikiisha anaenda zake. Hata siku moja hakuikala hapa na dada yenu. Hata siku moja! Ninaapa kwa mutakatifu Petro."

Symphorien akafikiri, macho mbele. "Kama ni vile," akasema, "televizyo ilikuwa kwa safari. Kitu cha salon kilipita mu jiko juu ya priza. Itarudi salon. Kesi imekwisha." Akaanza kujiinua, mtu akamshika kiwiko.

Nilikuwa nimeshinda. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yangu siku ile kwa desturi. Casimir alinikonyeza.

Lakini lile neno "hata siku moja" lilinikaa kifuani. Miezi ile mitatu ndiyo tu niliyokuwa nayo. Ile miaka mingine nilikuwa salon, nangojea sahani. Na sasa inafutwa mbele yangu, kwa kiapo, na mimi niwe shahidi kwa kunyamaza?

"Niliikala," nikasema.

Casimir akageuka. "Bartho, funga kinywa."

"Niliikala pale. Kwa kale kakiti. Kila siku, tangu mwezi wa tano. Alikuwa anasonga na kunifasiria. Watu wakigonga, nilikuwa nakamata kiberiti."

Casimir akajikalisha juu ya ndoo tupu, kichwa mikononi. "Umetuua," akasema. "Petro na yeye umemuua."

Wa kwanza kucheka ni Marcelline. "Kiberiti!" akasema. "Mama eeh, kiberiti! Yaya, dada yangu, alikuwa ananiambia, kwangu kiberiti inatembea kupita watu, nikafikiri anasema mambo ya uchawi!" Akacheka mpaka akashika tumbo, na wote wakacheka naye, mpaka wale wa dirishani ambao hawakusikia vizuri. Mwisho akabaki anajifuta macho na kitenge, na hakuwa anacheka tena. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu. Unga wa paji ulikuwa unaniwasha.

"Mwanaume mwenye aliikala mu jiko na mutoto wetu, hakuna mwenye alimulazimisha," akasema Symphorien, "minye siwezi kumunyanganya. Televizyo inabaki."

"Point d'ordre!" Zéphirin alikuwa amesimama juu ya kizingiti. "Amekubali na kinywa yake: ni kitu cha jiko. Procès-verbal, karatasi yangu, imeandika. Inaenda Kikula."

"Inaenda Kikula kwa nani?"

"Kwa familia. Kwangu njo kuko nafasi."

"Minye njo président hapa, Zéphirin."

"Muyomba, kwa heshima yote. Ulikuwa président wa kilio. Ulipaka unga, kilio imekwisha. Mandat yako ilikwisha na unga."

Wale kumi na wawili ambao kutoka asubuhi walikuwa wanakunywa munkoyo wangu kwa amani wakagawanyika. Wengine wakapigia mzee makofi, wengine wakampigia Zéphirin. Symphorien akatangaza séance imefungwa. Zéphirin akatangaza imefunguliwa. Wa mzee wakatoka nje, wa Zéphirin wakabaki ndani, kisha wakagundua munkoyo uko nje, wakatoka nao. Familia yenye président wawili, na nchi nzima kwenye kioo inatuangalia, haikuona haya.

Marcelline akajaribu kuwapatanisha. "Tugawe. Televizyo iende kwetu, telekomande ibaki kwa shemeki."

"Na ataifanyia nini?" akauliza Casimir kutoka kwenye ndoo.

"Atakuwa na amri."

"Njo vile inchi iko," akasema Casimir. "Mumoja iko na televizyo, mwingine iko na telekomande, na betri kila mutu anangojea mwenzake alete. Hapana. Asante."

Jua lilipoanza kushuka walikuwa wamechoka, na aliyechoka anakubali maneno makubwa. Zéphirin akaandika, Symphorien akasahihisha kwa kusomewa: kuanzia leo ni transition, kipindi cha mpito, kama kule Kinshasa. Televizyo haitakwenda Kikula, haitarudi salon. Itabaki palepale, imefungwa, mpaka familia ifanye uchaguzi wa président mmoja, na huyo ndiye atakayeamua. Zéphirin akatoa sparadrap, plasta ya kubandika vidonda, kwenye faili, maana mtu kama huyo hatembei bila sparadrap, akabandika kutoka pembe mpaka pembe ya kioo kama msalaba, akatia sahihi. Symphorien hajui kuandika. Akapaka kidole masizi ya sufuria, akakandamiza upande wa pili. Waya wakauviringisha, wakaufunga pia.

"Ukivunja hiyo, shemeki," akasema Zéphirin, "ni Buluo, gerezani, moja kwa moja. Wala hautapita nyumbani kukamata nguo."

Kuongoza kamati ya uchaguzi wakamchagua Casimir, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa hazimwamini kwa kiasi sawa.

Sasa ni mwezi wa pili wa 1994. Wakwe walichukua sufuria, wakaniachia moja kwa huruma, nami najisongea bukari mbele ya kioo kilichobandikwa msalaba. Ndani yake naona mtu mmoja na mwiko, hasongi vizuri. Casimir anakuja bado kila magaribi. Tunakaa, tunaangalia sparadrap, anasema, "Leo lazima wamegombana sana," nami nasema, "Sana."

Kuna jambo linaniudhi kuliko yote. Wakati uchaguzi haufanyiki, televizyo haiendi Kikula. Mimi niliyewatukana wakubwa kwa transition yao isiyo na mwisho, sasa kila jioni namwomba Mungu yangu isiishe. Nimeanza kuwaelewa. Sikutaka kuwaelewa. Hata hilo ni kosa lao.

Lakini juma lililopita Casimir alikuja na kaye. Kamati imefanya kazi, akasema, liste ya wapiga kura imekamilika. Amekwenda mpaka Kikula na Shituru kuhesabu vichwa. Binti yangu wa Kolwezi ameandika kwamba anamtaka mzee, yule wa Ndola ametuma neno kwamba anamtaka Zéphirin, kwa sababu mzee alilala kwenye harusi yake. Marcelline amekataa kusema, lakini Casimir anajua samaki wake wanakwenda kwa nani, na wanakwenda kwa mzee. Akajumlisha mbele yangu kwa kidole. Kumi na mmoja kwa Symphorien. Kumi na mmoja kwa Zéphirin.

"Kunabaki mumoja," akasema.

"Nani?"

Akanielekezea kidole kilekile.

Alikuwa ameshawauliza wote wawili. Symphorien alisema: mwandike, ni mtoto wa nyumba, aliikala jikoni. Zéphirin alisema: hapana, mjane amepakwa unga mweupe, ameachiliwa mbele ya watu, si wetu tena, na mgeni hapigi kura. Na kweli walinipaka. Sikukataa. Nilikaa pale kwenye mkeka nikafungua mikono wanipake, nikafikiri wananiondolea kifo peke yake. Casimir akaenda mpaka kwa katekista wa parokia kumuuliza. Katekista akasema ndoa inakwisha kwa kifo, hiyo anaijua. Shemeji, hajui kama nao wanakwisha. Akaenda kwa Marcelline sokoni. Marcelline aliendelea kupanga samaki wake, mmoja kwa mmoja, mpaka Casimir akachoka kusimama.

Sasa kaye iko wazi juu ya magoti yake, mstari wa ishirini na tatu mweupe, kalamu juu. Asiponiandika ni sare, na televizyo inabaki imefungwa; akiniandika, kura yangu inaamua.

"Bartho, minye ni kamati tu," akasema. "Niambie weye. Nikuandike ao nisikuandike?"

Na mimi nimewauliza wote, mzee, karani, katekista, hata wale wa biro ya kambi nilipokwenda kuuliza habari ya priza: mtu aliyeishi na binti wa watu miaka ishirini na nane, kisha wakamwachilia siku ya Mungu kwa unga kidogo kwenye paji la uso, amebaki wa nyumba ile ao hakubaki?